Msingi wa kuelea kwenye udongo laini: udongo unaouchimba na kuutoa ndo unaobeba nyumba yako (uzi mrefu)

MtuWaSaiti:

Wakuu habari zenu. Kila wiki humu ndani kuna mtu anauliza kiwanja changu kipo bondeni, udongo laini, nimwage zege la unene gani, na majibu karibu yote yanafanana, ongeza nondo, ongeza kokoto, jaza mawe, mwaga zege zito. Nikisoma roho inaniuma, maana kwenye udongo laini kweli kweli huko kuongeza ongeza ndo kunakozamisha nyumba. Kazi yangu ni misingi, nashinda saiti, kwa hiyo leo nimeona nifungue uzi tuongee hili jambo mpaka lieleweke.

Kuna kitu kimoja mtu akikishika mengine yanakuja yenyewe. Udongo ulioko mita tano chini ya kiwanja chako haujakaa tu bure, toka enzi na enzi umebeba udongo ulio juu yake na umeshauzoea huo mzigo. Mita moja ya ujazo ya udongo wenye maji ina uzito wa kama tani 1.7 hivi, inapanda inashuka kutegemea na aina. Sasa ukichimba mita 3 ukautoa wote ukaupeleka mbali, umeupunguzia udongo wa chini mzigo wa kama tani 5 kwa kila mita ya mraba. Na jengo la kawaida la makazi la zege, kila sakafu inakuja kama tani 1 mpaka 1.2 kwa mita ya mraba ukijumlisha slabu, kuta, nguzo, watu na makabati yao. Kwa hiyo pale ulipotoa mita 3 unaweza ukajenga boksi la zege lililo wazi ndani, yani besimenti, ukatoa uzito wa boksi lenyewe kwenye hesabu, na bado ukabaki na nafasi ya sakafu tatu hivi, na udongo wa chini ukabaki umebeba mzigo uleule uliokuwa umebeba kabla hujanunua kiwanja.

Huo ndo msingi wa kuelea. Ni hesabu ileile ya dau baharini, linaelea kwa sababu maji liliyoyasukuma pembeni yana uzito sawa na dau pamoja na mizigo yake, na likibaki wazi ndani linabeba, likijaa maji linazama.

Na hapo kwenye kubaki wazi ndani ndo watu wengi wanapotea. Nimeona mtu anachimba mita 2 kwenye udongo wa mfinyanzi mbichi, halafu anajaza mawe na zege mpaka juu, anasema msingi wangu umeenda chini sana uko imara. Zege ni tani 2.4 kwa mita ya ujazo. Umetoa tani 1.7 umerudisha 2.4, yani kabla hata hujapanga tofali la kwanza udongo wa chini umeshaongezewa mzigo kuliko mwanzo. Kama ukichimba kidogo tu unakutana na changarawe ngumu au mwamba, sawa kabisa, jaza hadi usikie raha, umeshafika kwenye kitu kinachobeba. Mimi naongelea pale ambapo unachimba unachimba na mfinyanzi hauishi.

Sasa niwape mahali ambapo hii elimu imepikwa mpaka ikaiva, nayo ni Mexico City. Ule mji umekaa juu ya ziwa. Waazteki walijenga Tenochtitlan kwenye kisiwa ndani ya ziwa Texcoco, Wahispania wakauteka 1521, na karne zilizofuata ziwa likakaushwa na mji ukatambaa juu ya tope lake. Mfinyanzi wa pale unashangaza hata watu waliosomea udongo, uzito wa maji yaliyomo unaweza kufika mara mbili, tatu, hata nne ya uzito wa udongo wenyewe ukikaushwa. Yani unajengea juu ya maji yaliyoshikwa na udongo kidogo.

Angalieni majengo mawili pale katikati ya mji, yanatazamana barabara moja tu kati yake. Moja ni Palacio de Bellas Artes, jumba la sanaa, ujenzi ulianza 1904 chini ya Mwitaliano Adamo Boari, marumaru nzito juu ya jamvi kubwa la zege na chuma. Lilianza kuzama hata kabla halijaisha, ujenzi ukakwama, mapinduzi nayo yakaingia 1910, likaja kumalizika 1934. Mpaka leo limezama zaidi ya mita 3. Halijavunjika kwa sababu limezama kwa pamoja, ila ngazi na njia za kuingilia zimebidi zifuate jengo huko chini.

La pili ni Torre Latinoamericana, ghorofa 44, limekamilika 1956, mainjinia wakiwa Leonardo Zeevaert na ndugu yake Adolfo, na Mmarekani Nathan Newmark akasaidia upande wa matetemeko. Hawa walichimba kama mita 13 kwenda chini wakaweka boksi, kwa hiyo udongo uliotoka ukafidia sehemu ya uzito wa mnara, na sehemu iliyobaki wakaipa paili 361, yani nguzo ndefu za chini ya ardhi, zilizoshushwa mpaka kwenye tabaka la mchanga lililoko kama mita 33 chini. Wakati wa kuchimba walikuwa wanavuta maji ndani ya shimo huku wanayarudisha ardhini nje ya shimo ili majengo ya jirani yasizame kwa sababu yao. Hiyo ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote, ule uungwana wa kumfikiria jirani ukiwa na shimo la mita 13 mlangoni kwake. Tetemeko la 1957 likaja, mnara ukasimama. Septemba 1985 likaja lile kubwa lililoua maelfu ya watu, ukasimama. 2017 tena, ukasimama.

Ghorofa 44 limetulia na jumba fupi limezama mita 3, mtaa uleule, tope lilelile. Karibuni tuchangie, nitajibu kila swali ninaloliweza.

kichuguu255:

Mkuu uzi mzito huu nimeusoma wote. Ila mimi hapo nimechanganya kidogo, kwani rafti siyo huo huo msingi wa kuelea? Huku mtaani fundi akisema rafti anamaanisha zege moja kubwa chini ya nyumba nzima na wanasema nyumba inaelea juu yake.

MtuWaSaiti:

Swali zuri sana hilo na ndo linaloleta maafa. Rafti ni umbo, ni bamba moja la zege chini ya nyumba nzima badala ya mikanda na vitako vya nguzo. Inasaidia sana kusambaza mzigo, na pakiwa na sehemu ndogo laini inaruka juu yake bila kuta kupasuka. Ila rafti iliyomwagwa juu ya ardhi bila kuchimba haijapunguza hata kilo moja. Mzigo wote wa jengo unaingia ardhini kama nyongeza. Msingi wa kuelea karibu kila mara una rafti chini yake, lakini kinachouelesha ni shimo.

Kuna ghala la nafaka lilijengwa Transcona, karibu na Winnipeg huko Canada. Lilikaa juu ya rafti ya zege ya unene wa sentimita 60 hivi, uzito wa ghala tupu kama tani 20,000. Juu kulikuwa na mfinyanzi mgumu kiasi, watu wakaupima ule wa juu wakaridhika, chini yake kumbe kuna mfinyanzi laini. Mwaka 1913 wakaanza kulijaza ngano, wakajaza vizuri tu kwa usawa pande zote, na Oktoba 18 ghala likaanza kushuka na ndani ya siku moja likalala kwa karibu nyuzi 27. Lilizunguka lote zima zima na rafti yake bila kuvunjika, mpaka wakaweza kuchimba chini yake mwaka uliofuata wakalisimamisha tena na likaendelea kutumika miaka mingi. Zege halikuwa na tatizo lolote, udongo wa chini ndo uliotoroka. Kwa hiyo mtu akikwambia rafti yangu nzito haiwezi kufanya kitu, muulize chini ya rafti kuna nini, na chini ya hicho kuna nini tena.

Mama Kiwanja:

Kaka asante kwa elimu, Mungu akubariki. Mimi kiwanja changu kipo bondeni, masika maji yanafika magotini. Fundi amesema tulete kifusi tupandishe mita moja na nusu ndo tujenge nyumba ya kawaida ya chini, siyo ghorofa. Nyumba yenyewe nyepesi tu ya tofali na mabati, hapo napo kuna haja ya haya mahesabu?

MtuWaSaiti:

Dada yangu hapo ndo kuna haja kuliko kwa mwenye ghorofa. Fanya hesabu na mimi. Kifusi mita 1.5 mara tani 1.7 ni kama tani 2.5 kwa kila mita ya mraba. Nyumba yako ya chini ya tofali na bati ukiitandaza kwa wastani haizidi sana tani 1 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo mzigo mkubwa unaouweka pale ni kifusi, nyumba ni ya pili. Umeweka uzito wa kama jengo la sakafu mbili halafu juu yake ndo unaanza kujenga.

Na mfinyanzi laini hauzami siku hiyohiyo ukaona. Maji yaliyo ndani yake yanakamuliwa pole pole sana, anayetakiwa kushukuriwa kwa kutufafanulia hili ni injinia wa udongo Karl Terzaghi, nadharia yake ilitoka miaka ya 1920 na mpaka leo tunaitumia. Tabaka likiwa nene mara mbili, muda wa kukamuka unakuwa mara nne. Ndo maana nyumba inakaa vizuri mwaka wa kwanza, wa pili, mtu anapaka rangi anahamia, mwaka wa nne mlango haufungi na ufa umetoka kwenye kona ya dirisha umeenda mpaka dari.

Sasa ushauri wangu kwako. Kwanza kama maji yanafika magotini kila masika, nenda halmashauri uulize hilo eneo limetengwa kwa ajili gani, kwa sababu hakuna msingi unaoshindana na mkondo wa mto, na walioishi bonde la Msimbazi wanajua wenzao walivyovunjiwa. Ukihakikishiwa kwamba ni eneo halali la makazi, kifusi kiwekwe mapema, kishindiliwe tabaka kwa tabaka za sentimita 15 mpaka 20 hivi, kizidi nyumba kila upande, halafu kiachwe kikae. Ukiweza kukiacha misimu ya mvua kadhaa ni bora. Kile kifusi kinafanya kazi ya kuukamua mfinyanzi kabla nyumba haijaja, na ukipima usawa wake kila baada ya muda utaona kushuka kunapungua. Kitu kibaya kuliko vyote ni kumwaga kifusi mwezi huu na kuchimba msingi mwezi ujao, na kibaya zaidi ni kifusi nusu ya nyumba, yani upande mmoja umejazwa mita mbili na mwingine haujajazwa. Hiyo nyumba lazima ipasuke katikati.

Na njia nyingine, kama maji siyo tatizo kubwa kihivyo, ni kupandisha nyumba badala ya kupandisha ardhi. Weka sakafu ya slabu iliyonyanyuliwa juu ya nguzo fupi na mikanda, chini pawe wazi. Unapata kimo kilekile bila hizo tani 2.5. Injinia akupigie hesabu ya gharama zote mbili, usikubali tu kwa sababu malori ya kifusi yanapita mtaani kwa bei rahisi.

Mkazi wa Syokimau:

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu Syokimau na kuelekea Athi River ni udongo mweusi wa pamba tu, wakati wa kiangazi unapasuka nyufa unaweza ingiza mkono, mvua ikinyesha unavimba na kushika viatu. Sisi huchimba wote mpaka tufike murram ama mawe, inakula pesa mingi sana. Hii ya kuelea inaweza saidia tuache kuchimba?

MtuWaSaiti:

Karibu sana jirani. Hapana, na nashukuru umeuliza kwa sababu watu wanaweka udongo laini na udongo mweusi kapu moja. Sisi huku tunauita wa mbuga. Tatizo la mfinyanzi wa bondeni ni kwamba hauna nguvu na unakamuka ukibebeshwa. Tatizo la mbuga ni kinyume kabisa, ukikauka unakuwa mgumu kama tofali lakini ukinywa maji unavimba unasukuma nyumba juu. Sasa fikiria umechukua jengo lako ukalipunguzia uzito mpaka ardhi haihisi kitu, ukaliweka juu ya udongo unaosukuma kwenda juu. Umeurahisishia kazi. Kwenye mbuga uzito ni rafiki yako, na kutokubadilika kwa unyevu ni rafiki mkubwa zaidi.

Mnachofanya cha kuutoa wote pale ambapo tabaka ni la mita moja au mbili ni sahihi kabisa, endeleeni, hiyo pesa haijapotea. Pakiwa nene sana ndo watu wanaenda kwenye nguzo za kuchimbia mpaka chini ya eneo linalovimba, na mkanda wa juu unaachiwa nafasi tupu chini yake ili udongo ukivimba usiuguse. Halafu barazani pembeni ya nyumba mwage zege pana lenye mwinuko wa kutoa maji, mabomba ya choo yasivuje, na miti mikubwa isipandwe karibu na ukuta maana inanyonya maji upande mmoja.

Nondo12mm:

Naomba nichangie kitu mkuu, mimi ni mwenzako wa fani. Umesahau kuwatisha watu na maji ya chini. Watu wakisikia boksi wazi chini ya ardhi wataanza kuchimba besimenti bila kujua zinanyanyuka.

MtuWaSaiti:

Asante sana mkuu umenikumbusha mahali pake. Ndiyo, boksi lililo wazi ndani likizungukwa na maji linasukumwa juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji liliyoyaondoa. Boksi la kina cha mita 3 chini ya usawa wa maji linasukumwa na tani 3 kwa kila mita ya mraba. Jengo likiwa limekamilika uzito wake unalishikilia. Hatari ipo katikati ya ujenzi, umemaliza rafti na kuta za chini, pesa imeisha, pampu umezima, masika hiyo inaingia. Boksi linapanda, na likishapanda tope linaingia chini yake na halirudi lilivyokuwa. Wenye matangi ya plastiki ya kufukia wanalijua hili, tangi likikaa tupu wakati ardhi imelowa linachomoka lenyewe. Mabwawa ya kuogelea hivyohivyo. Kwa hiyo ratiba ya pesa kwenye msingi wa aina hii ni sehemu ya usalama, usianze kuchimba kama hujui kama utafika sakafu ya pili kabla ya mvua.

Na lingine, ukichimba shimo, udongo wa chini nao unapumua, unainuka kwa sababu umetuliwa mzigo, na ukiuacha wazi muda mrefu unalowa unalainika zaidi. Ndo maana shimo linachimbwa kwa vipande, kipande kikifika kina kinamwagiwa zege mara moja. Kwenye mfinyanzi laini sana ukichimba kina kirefu bila kushikilia kuta, udongo wa pembeni unasukuma unaingia kwa chini na sakafu ya shimo inafura, na nyumba ya jirani inakuja nayo. Hili siyo la kujaribu na fundi wa mtaani peke yake jamani, naomba sana. Mtafute injinia aliyesajiliwa.

kichuguu255:

Sasa mkuu kama kila kitu kikihesabiwa sawasawa jengo halitazama kabisa? Na kwanini wasiende tu na paili ndefu mpaka kwenye mwamba yaishe?

MtuWaSaiti:

Litashuka kidogo, kwa sababu udongo ulioinuka wakati wa kuchimba unarudi chini ukibebeshwa tena. Huo ni mdogo na unatabirika. Kinachoua jengo ni kushuka kwa tofauti. Nguzo mbili zikiwa mita 4.5 moja kwa nyingine, tofauti ya milimita 15 tu inatosha kuanza kupasua kuta za tofali, hiyo ni 1 kwa 300. Wengi tunapanga kwa 1 kwa 500 ili tulale usingizi. Kwa hiyo katikati ya uzito wa jengo panatakiwa pakae juu ya katikati ya msingi. Mtu anaelesha nyumba vizuri halafu baadaye anaongeza chumba na tangi la maji la lita 10,000 upande mmoja, hizo ni tani 10 kwenye kona. Mnara wa Pisa mnaujua wote, ulianza 1173 juu ya udongo laini usiolingana, na ulipookolewa kati ya 1990 na 2001 kazi kubwa ilikuwa kutoa udongo kidogo kidogo chini ya upande wa kaskazini, upande uliokuwa juu, mpaka ukarudi kama sentimita 45. Kwa mara nyingine tena kutoa udongo ndo kulikosaidia.

Paili mpaka kwenye mwamba ni nzuri pale mwamba ulipo na ardhi ya juu isipozama yenyewe. Mexico City walivuta maji ya visima miaka na miaka, injinia Nabor Carrillo akaeleza miaka ya 1940 kwamba hayo maji ndo yanayozamisha mji, na sehemu nyingine ardhi imeshuka zaidi ya mita 9. Jengo lililokaa kwenye tabaka gumu linabaki huku mtaa unashuka. Sanamu yao ya Malaika wa Uhuru ilizinduliwa 1910, tangu hapo wameongeza ngazi 14 chini yake kwa sababu barabara imewaacha. Pale ambapo mji wote unashuka, kuelea kunaliruhusu jengo lishuke pamoja na majirani zake, mabomba ya maji na ya majitaka yasikatike mlangoni.

Mama Kiwanja:

Kaka nimeelewa sana, kifusi nimesimamisha kwanza. Sasa hiyo kupima udongo mtu wa kawaida anaanzia wapi, na kupima kushuka kwa kifusi ndo nafanyaje bila vyombo vya mainjinia?

MtuWaSaiti:

Umefanya la maana dada. Kwa udongo, tafuta maabara inayopima, vyuo vya uhandisi vinafanya hiyo kazi kwa malipo. Waambie unataka mashimo ya kuchimbwa kwa mashine angalau mawili, kwenye kona zinazopishana, na yapite chini ya msingi kwa kina kisichopungua upana wa nyumba, maana mzigo unasikika mpaka huko. Shimo la jembe la mita moja na nusu halitakwambia kilichozamisha lile ghala la Canada. Uliza vitu vitatu, maji yapo kina gani wakati wa masika, mfinyanzi laini una unene gani, na utashuka kiasi gani ukiweka kifusi chako.

Kwa kushuka, kabla ya kumwaga kifusi laza vipande vya bati zito au zege dogo juu ya ardhi ya asili, kila kimoja kimesimikiwa nondo ndefu inayotokeza juu ya kifusi, weka angalau vinne kwenye kona na kimoja katikati. Chagua alama ambayo haiwezi kushuka, mfano jengo la zamani lililotulia lililoko mbali na kifusi chako. Halafu tumia ule mpira wa maji wa mafundi wa kupimia levo, pima ncha ya kila nondo dhidi ya hiyo alama mara moja kwa mwezi, andika kwenye daftari na tarehe. Namba zikikaribia kusimama pande zote tano na mvua kubwa imeshapita hapo katikati, niletee hapa hilo daftari tuliangalie pamoja na Nondo12mm kabla hujaita fundi.